Kioo Hiki na Risasi Hii
(Mhadhara kwa mafundi na watumiaji wa sola, Moshi)

Shikamooni wazee wangu. Vijana, habari za mchana. Samahani kwa kuchelewa. Konda aligoma kupakia paneli hii iliyopasuka mpaka niilipie siti. Basi ndiyo hiyo mezani, imelipiwa nauli, tuitazame vizuri.

Kila ninapofunga sola lazima mtu aulize: "Fundi, hiyo si sumu juu ya bati langu?" Sogeeni. Karibu robo tatu ya uzito wake ni kioo. Fremu ni alumini, mgongoni plastiki. Hizi sahani za buluu ni silikoni, nyembamba kuliko ukucha. Na hii mistari kama unywele, inayong'aa nikiigeuza hivi, ni fedha, fedha ileile ya bangili. Risasi, ile metali nzito yenye sumu, imo pia, kwenye lehemu inayounganisha sahani hizi, lakini ni kidogo mno na imefungiwa ndani. Zipo paneli zenye kadmiamu, metali nyingine yenye sumu. Mimi sijawahi kufunga hata moja.

Sisemi haina doa. Silikoni hutoka kwenye mawe ya kwatzi, yanayeyushwa kwenye tanuri lenye joto karibu nyuzi 2,000, na sehemu kubwa ya umeme wa kazi hiyo kule China hutokana na makaa ya mawe. Mwaka 2022 Shirika la Kimataifa la Nishati lilieleza kwamba katika kila hatua ya kutengeneza paneli, zaidi ya asilimia 80 ya uwezo wa viwanda duniani uko China. Kwa hiyo wakikohoa kule, dukani hapa Moshi bei inapanda. Fedha nayo inapanda bei, ndiyo maana viwanda vinajaribu kuweka shaba mahali pake. Hayo yote ni kweli, lakini mimi sikosi usingizi kwa ajili yake.

Ninachokosea usingizi ni hiki nilichokificha chini ya meza. Naomba kijana mwenye nguvu anisaidie. Taratibu, usiilaze!

Betri ya maji. Zaidi ya nusu ya uzito wake ni risasi. Ya kwangu ya kwanza, nyumbani Kibosho, ilikufa kabla ya miaka miwili. Kosa langu, kila usiku nilikuwa naikamua mpaka taa zinafifia. Akaja mnunuzi wa chuma chakavu na mizani yake ya kuning'iniza. Hakutaka kulipia maji. Akaiinamisha, akamwaga yote shinani mwa mgomba, hatua kama kumi kutoka kwenye mfereji tunaomwagilia kihamba, shamba letu la nyumbani. Maji yale si asidi tu, yanabeba risasi. Mgomba ulikauka. Nami, fundi mzima, nilisimama pale nikahesabu hela zangu.

Mbele ya safari ya betri hizo ndiko kubaya zaidi. Owino Uhuru, Mombasa, kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu kilipakana na nyumba za watu. Watoto walikutwa na risasi kwenye damu, akiwemo mtoto wa Phyllis Omido, mama aliyekuwa ameajiriwa humohumo. Alipiga kelele hadi kikafungwa mwaka 2014. Mwaka 2020 mahakama iliamuru wakazi walipwe shilingi bilioni 1.3 za Kenya. Lakini risasi ikishaharibu ubongo wa mtoto, hela hairudishi.

Kwa hiyo mnunuzi akija, auziwe betri nzima na maji yake, hata akikata bei. Mwenye uwezo anunue ya lithiamu yenye chuma na fosfeti, haina risasi na inadumu zaidi, ingawa bei yake inauma. Na usiikamue kama nilivyofanya mimi.

Kabla ya maswali: wenye betri zilizokufa nyumbani, mikono juu. Haa! Karibu ukumbi mzima. Wewe mama hapo mbele, yako umeiweka wapi? … Chini ya kitanda cha watoto? Haya, tuanzie hapo.