Kazi Ikiungua, Utaonyesha Nini?

ZUHURA: Karibuni wasikilizaji. Tuko hapa Mikocheni, niko na kaka Deo kama kawaida. Leo tunaongea na wachoraji, wachongaji, wafinyanzi, yeyote ambaye karakana yake ndiyo ofisi na ndiyo stoo. Moto na maji, kaka. Tuanze na kipi?

DEO: Moto, dada Zuhura, maana hauna msimu. Chukua wachoraji wa Tingatinga pale Oyster Bay. Marehemu mzee Edward Saidi Tingatinga, aliyefariki 1972, alichora kwa rangi za baiskeli juu ya hadibodi. Mpaka leo kuna wanaotumia rangi ya mafuta ya namna hiyo, na brashi zinasafishwa kwa tina, ile ya kuyeyushia rangi. Mvuke wa tina huuoni. Unatambaa chini chini, na jirani yako anachomelea geti.

ZUHURA: Au mama ntilie ana jiko la mkaa hapo mlangoni.

DEO: Ndiyo hivyo. Kopo la tina lifungwe muda wote, vitambaa viwekwe kwenye ndoo ya bati yenye kifuniko, na jioni vitoke nje. Namba ya zimamoto ni 114, iandike ukutani kwa rangi, usitegemee kuikumbuka moshi ukiwa umejaa.

ZUHURA: Sasa mimi nataka tukae kidogo kwenye jambo moja. Soko la Kariakoo lilipoungua Julai 2021 tuliona wote mali inavyoteketea usiku mmoja. Mwenye duka la nguo angalau ana risiti za mzigo alionunua. Msanii ana nini? Picha uliyoichora mwenyewe haina risiti.

DEO: Hapo ndipo wasanii wengi wanapopotea. Mtu wa bima anakuja, au watu wa serikali za mtaa wanakuja kuorodhesha, unaulizwa ulikuwa na nini humu ndani. Unasema vinyago vingi. Vingapi? Vya bei gani? Kimya.

ZUHURA: Kuna fundi mmoja pale Vinyago, Mwenge, utaratibu wake naupenda sana. Kinyago kikikamilika, anakilaza kwenye khanga nyeupe, anaweka rula pembeni, anapiga picha mbili kwa simu, mbele na nyuma. Chini ya kinyago ameandika namba, na namba hiyo iko kwenye daftari: aina ya mti, urefu, bei, na kama kimepelekwa dukani kuuzwa kwa mali kauli, yaani alipwe kikishauzwa, ni duka gani. Jioni picha zinaenda kwa binti yake Morogoro kwa WhatsApp.

DEO: Morogoro! Safi sana. Karakana ikiungua na simu ikiwa ndani, kumbukumbu bado ipo.

ZUHURA: Na daftari nalo analipiga picha, ukurasa kwa ukurasa. Tafadhali wasanii, fanyeni hili hata kama hamna bima. Na anayekwenda kukata bima aulize kabla ya kusaini: kazi iliyokamilika mtanilipa kwa bei ya kuuzia, au kwa gharama ya ubao na rangi tu? Hiyo tofauti ni kubwa mno.

DEO: Tuje kwenye maji. Masika ni Machi mpaka Mei, vuli Oktoba mpaka Desemba, na mafuriko ya Desemba 2011 wakazi wa bonde la Msimbazi hawajayasahau. Kitu kisikae sakafuni. Jenga chaga, hata ya mbao za makreti.

ZUHURA: Na kikishalowa?

DEO: Watu wanakimbilia kuanika juani, na hapo ndipo wanapoua kazi. Mpingo ukikauka haraka unapasuka. Weka kivulini, penye upepo, ugeuze taratibu. Picha ya kanvasi ilaze chali, uso juu, usiipange juu ya nyingine, na usifute matope yakiwa mabichi kwa kitambaa, utaondoka na rangi. Karatasi usiziache zaidi ya saa 48, ukungu unaanza. Ukishindwa kuzikausha zote, zifunge kwenye mifuko uzigandishe kwenye friza la jirani, utazishughulikia baadaye.

ZUHURA: Friza la samaki?

DEO: Lolote linalogandisha, ilimradi mfuko umefungwa vizuri.

ZUHURA: Nimalizie na pesa. Kule Marekani mafundi wa kazi za mikono walianza kuchangiana wao kwa wao mwaka 1985, mfuko ukakua, leo unaitwa CERF+, unasaidia wasanii waliopatwa na majanga. Sisi vikoba tunavyo, na vingi vina mfuko wa jamii kwa msiba na ugonjwa.

DEO: Basi vikundi vya wasanii viongeze mstari kwenye katiba: karakana kuungua au kufurika. Na viwango vikubaliwe sasa hivi, watu wakiwa wametulia.

ZUHURA: Na anayeomba alete nini?

DEO: Picha zake na daftari. Kikundi chenyewe kinaweza kumtunzia nakala.