Umri Kwanza: Mhadhara kwa Walimu wa Michezo, Mwanza

Mwenyekiti wa kikao, walimu wenzangu wa Nyamagana na Ilemela, na ninyi mliovuka maji kutoka Ukerewe, mwangaluka.

Nimeombwa nizungumzie mashindano ya watoto, nami nimechagua mchezo ambao shule zetu haziuchezi: kuteleza na kuruka kwenye barafu kwa muziki. Nimeuchagua kwa makusudi. Tukianza na mpira wa miguu hatutasikilizana, maana kila mmoja hapa ana timu yake na ana refa anayemlaumu. Mchezo ambao hatuna upande ndani yake tunaweza kuutazama kwa utulivu, tukaona jambo ambalo nyumbani linatupita machoni kila msimu. Jambo hilo ni umri wa mtoto.

Lakini kwanza barafu yenyewe, maana najua kuna wanaosema moyoni kwamba hii ni habari ya nchi za theluji. Nani kati yetu hajafika Mwaloni pale Kirumba alfajiri akaona barafu ikipondwa na kumwagwa juu ya sangara? Viwanda vyetu vya samaki vinagandisha minofu jua likiwaka nje. Uwanja wa barafu unatengenezwa kwa ufundi huohuo wa kuhamisha joto. Chini ya sakafu ya zege hulazwa mabomba, ndani yake hupitishwa maji ya chumvi yaliyopozwa kupita kiwango cha maji ya kawaida kuganda. Juu ya sakafu maji humwagwa kidogokidogo, tabaka baada ya tabaka, hadi barafu ifikie unene wa sentimita tatu au nne hivi. Uwanja kamili una mita 60 kwa 30.

Frank Zamboni, Mmarekani aliyevumbua gari la kulainisha barafu mwaka 1949, hakuanza na michezo. Yeye na ndugu yake walikuwa wakitengeneza mabonge ya barafu huko California kwa ajili ya wasafirishaji wa maziwa na mazao. Majokofu ya umeme yalipoenea biashara ikadorora, wakaugeuzia ujuzi wao kwenye kiwanja cha kuteleza, kilichofunguliwa mwaka 1940. Nalipenda sana tukio hili. Watu wa barafu ya chakula ndio waliotoa chombo kinachoonekana leo kwenye kila shindano kubwa. Na mwaka 2023 msimu wa mashindano ya vijana wa mchezo huu ulifunguliwa Bangkok, Thailand, mji wenye joto kuliko Mwanza. Majirani zetu wa Nairobi nao walipata uwanja mdogo wa barafu hotelini, Barabara ya Mombasa, mwaka 2005. Hali ya hewa haina neno hapa. Gharama ya umeme ndiyo yenye neno, na hilo ni mjadala wa siku nyingine.

Sasa mashindano. Chama cha kimataifa cha michezo ya kuteleza, ISU, ni cha tangu 1892. Ubingwa wa dunia wa vijana ulianza Megève, Ufaransa, mwaka 1976. Kisha mwaka 1997 ukaanza mfululizo unaoitwa leo Junior Grand Prix, na huo ndio ninaotaka muuangalie kwa makini.

Kwa kawaida kuna mashindano saba, kila moja mji wake, kuanzia Agosti hadi Oktoba. Fani ni nne: wavulana, wasichana, jozi, na dansi. Mtoto mmoja anaruhusiwa kushiriki mawili tu. Anayeshika nafasi ya kwanza anapata pointi 15, wa pili 13, wa tatu 11, zinaendelea kushuka hadi wa kumi anayeondoka na pointi moja. Hesabu zikijumlishwa, sita bora wa kila fani wanaingia fainali mwezi Desemba, katika ukumbi uleule na wiki ileile ambayo wakubwa wanachezea fainali yao. Nchi ambazo watoto wao walifanya vizuri kwenye ubingwa wa dunia wa vijana hupewa nafasi nyingi zaidi msimu unaofuata.

Ona hekima ya mpango huu. Aliyeugua wiki moja hajapoteza mwaka mzima. Na kwa sababu kikomo ni mashindano mawili, kocha mwenye tamaa hawezi kumzungusha mtoto miji saba.

Kuna kanuni nyingine iliyonigusa zaidi. Katika mchezo huu anguko linakatwa pointi, pamoja na alama zinazopungua kwa mruko wenyewe kuharibika. Kwa wakubwa, maanguko mawili ya kwanza hukatwa pointi moja moja, la tatu na la nne mbili mbili, na kuendelea adhabu inapanda. Kwa vijana, kila anguko ni pointi moja, basi. Mtoto akianguka mara tatu, la tatu halimgharimu kuliko la kwanza. Waliokaa wakaandika hivyo walikuwa wanajua kwamba mtoto anayejifunza lazima aanguke. Vilevile mchezaji huteleza mara mbili, programu fupi kisha programu ndefu, na ile fupi ya vijana hairuhusu mruko wa mizunguko minne hewani. Anayetaka kuujaribu ausubiri katika programu ndefu.

Na sasa mruko, kwa kuwa hapo ndipo suala la umri linapokaa. Mtazameni msichana anayekwenda kuruka mruko uitwao lutzi. Anateleza kinyumenyume kwa mkunjo mrefu, uzito wote uko kwenye ukingo wa nje wa kiatu cha kushoto. Anapeleka mguu wa kulia nyuma, anachoma barafu kwa meno yaliyo kwenye ncha ya chuma, anapaa. Hewani hana hata sekunde moja. Anakusanya mikono kifuani na kubana miguu, maana mwili ukijikusanya ndipo unapozunguka kwa kasi. Kisha anafungua mikono na kutua kinyumenyume kwa mguu mmoja, juu ya chuma chenye upana wa kama milimita nne. Wataalamu waliopima wanasema mguu ule unapokea mara tano hadi nane ya uzito wa mwili wake. Na huo ni mruko mmoja. Mazoezini anarudia tena na tena, siku baada ya siku, kwenye mifupa ambayo bado inakua.

Msichana ambaye hajapevuka ana nyonga nyembamba na mwili mwepesi, kwa hiyo anazunguka upesi. Ndiyo maana miruko mikubwa mingi ya wasichana ilianzia kwa vijana. Miki Ando wa Japani aliruka mruko mwingine, salchow, wa mizunguko minne kwenye fainali ya Junior Grand Prix mwaka 2002, akiwa na miaka 14, mwanamke wa kwanza kufanya hivyo katika mashindano. Mwaka 2018 Alexandra Trusova wa Urusi, naye wa miaka 14, akaruka lutzi ya mizunguko minne. Sina neno dhidi ya mabinti hawa, nawaheshimu. Neno langu ni kwa watu wazima walioona hivyo wakapiga hesabu: kama mwili wa miaka 14 ndio unaoruka, basi tumkamue kabla hajafika 18.

Kamila Valieva alikuwa bingwa wa dunia wa vijana Machi 2020, akiwa na miaka 13. Miaka miwili baadaye, Februari 2022, alikuwa Beijing kwenye Olimpiki, miaka 15, na ikatangazwa kwamba sampuli yake ya Desemba ilikutwa na dawa ya moyo iliyopigwa marufuku. Aliruhusiwa kucheza. Akaanguka mbele ya dunia nzima, akamaliza wa nne, na Januari 2024 mahakama ya michezo ikamfungia miaka minne. Mimi ni mzazi. Niliposoma hukumu ile nilijiuliza mtoto wa miaka 15 dawa ya moyo anaitoa wapi bila mkono wa mtu mzima.

Juni 2022, kwenye mkutano wao Phuket, Thailand, wanachama wa ISU walipiga kura, 100 wakikubali na 16 wakikataa, kupandisha umri wa kuingia ngazi ya wakubwa kutoka 15 hadi 17, kwa hatua mbili: 16 msimu wa 2023, 17 msimu uliofuata. Ngazi ya vijana, kwa wanaoteleza peke yao, ni kuanzia 13 hadi kabla ya 19, na anayehesabiwa ni yule aliyetimiza umri huo kabla ya Julai mosi. Faida yake mmeiona kwa Mao Shimada wa Japani: ametwaa ubingwa wa dunia wa vijana 2023, 2024 na 2025, bila mtu kumsukuma ngazi ya wakubwa kabla ya wakati.

Walimu wenzangu, kwenye mashindano yetu ya shule umri tunaufanyia nini? Mamluki tunawajua. Mtu mzima amevaa jezi ya darasa la saba, na mtoto halali wa darasa hilo amekaa nje anashika maji. Na upande mwingine kuna yule mdogo mwenye kipaji anayechezeshwa na wakubwa mechi tatu kwa siku mbili kwa sababu mkuu wa shule anataka kombe. Wote wawili wanaumizwa na kosa moja, la mtu mzima kuuona umri kuwa kikwazo badala ya ulinzi. Napendekeza kikao hiki kiandike leo, kabla ya chakula, kikomo cha mechi kwa mtoto mmoja kwa wiki, na vyeti vya kuzaliwa vikaguliwe na shule pinzani, si na shule yake mwenyewe.

Mwalimu mmoja ameniuliza pale nyuma mchezo huu ataonea wapi. Kwa misimu mingi ISU wamerusha Junior Grand Prix bure kwenye YouTube. Msimu ukianza Agosti, washeni mkiwa na wanafunzi, na msianze na washindi. Anzeni na kundi la kwanza, la wenye alama za chini, na mmpigie makofi kila atakayeanguka akainuka kabla muziki haujampita.