Iulize PDF Kabla ya Kuchoma Pleti ya Kuchapia

Ndugu wachapaji wa Mwanza, nanyi vijana wa kompyuta mliovuka ziwa kutoka Ukerewe, karibuni. PDF kufunguka vizuri kwenye kioo si ushahidi kwamba itachapika. Tuiulize yenyewe, kwa amri za Poppler, mkusanyiko wa zana za PDF, ambazo hazilipiwi.

Anzeni na pdfinfo. Inatoa idadi ya kurasa, toleo na vipimo kwa pointi. Inchi moja ni pointi 72. A4 ni takriban 595 kwa 842, Letter ya Marekani ni 612 kwa 792, na wateja huleta Letter bila kujua. Shikeni hili: pdfinfo ikiachwa hivihivi hupima ukurasa wa kwanza tu. Andikeni:

pdfinfo -f 1 -l 9999 -box kitabu.pdf

Hapo kila ukurasa utajieleza pamoja na mipaka yake. TrimBox ni pale kisu kinapopita. BleedBox, yaani eneo pamoja na ziada ya kukata, iizidi kwa milimita 3, yaani pointi 8.5, kila upande. Zikilingana, ama mteja hakuacha ziada ya kukata, ama hakuitaja ndani ya faili. Mkichapa hivyohivyo, kalenda yenye rangi hadi ukingoni inaweza kutoka na mstari mweupe.

Kisha pdffonts. Safu ya emb ikisema no, fonti haimo ndani ya faili. Mashine itaweka nyingine, na mistari itahama. Msihangaike kutafuta fonti hiyo mtandaoni, mwambieni mteja aitoe faili upya akiwa ameipachika.

Picha ndizo zinazotuumiza zaidi. Amri ya pdfimages -list huonyesha x-ppi, yaani nukta kwa inchi kwa ukubwa ambao picha imewekwa ukurasani, si ukubwa wake wa asili. Ndiyo maana picha ya Jiwe la Bismarck iliyopita WhatsApp inapendeza kwenye simu, lakini ikitandazwa A4 inaweza kushuka chini ya 150, wakati sisi tunataka 300. Kuhusu rangi, safu ya color ikiandika icc (rangi yenye wasifu wake), tazameni comp: 3 kwa kawaida ni RGB, rangi za kioo; 4 ni CMYK, rangi nne za wino wa kuchapia.

Kwa wanaoandika skripti, malizieni na qpdf --check, ya programu nyingine isiyo ya Poppler. Ikirudisha namba 0, muundo ni mzima; 3 ni maonyo; 2 ni kosa. Haikagui fonti wala rangi. Faili iliyokatika wakati wa kupakuliwa hukosa %%EOF, alama ya mwisho wa faili, mwishoni. Qpdf inaweza kuunda upya faharasa yake, lakini kurasa ambazo hazikufika haiwezi kuzirudisha. Hiyo iombeni itumwe tena.