Paa la Umeme Linapogoma: Kutafuta Hitilafu katika Ford Mustang ya 1965

Waheshimiwa wasikilizaji, ndugu zangu mafundi, na ninyi wenye magari ya zamani mliofika kutusikiliza, nawashukuru kwa kunialika.

Nimeombwa nizungumzie paa la turubai linalojikunja kwa nguvu ya umeme, na hasa namna ya kulichunguza linapogoma. Mfano wangu utakuwa Ford Mustang ya paa la kukunja, toleo la 1965 na 1966, kwa sababu magari hayo bado yapo mengi, spea zake zingali zinatengenezwa, na mfumo wake ni mwepesi kueleweka kuliko mingine mingi ya zama zake. Wazo la kuinua paa kwa nguvu ya mashine lilikuwapo kabla yake: Plymouth ya 1939 ilitumia nguvu ya ombwe, yaani mvuto wa hewa, inayotokana na injini, na kati ya 1957 na 1959 Ford yenyewe iliuza Skyliner, ambayo paa lake la chuma lilizama ndani ya buti kwa kutumia mota kadhaa, relei (swichi zinazoendeshwa na umeme) na swichi za kikomo, zinazokata umeme sehemu inapofika mwisho wa mwendo. Mustang haikuhitaji hayo yote. Paa lake la umeme, ambalo mnunuzi aliliongezea pesa, lina swichi moja kwenye dashibodi, mota moja inayozungusha pampu ya mafuta ya haidroliki (si petroli) nyuma ya kiti cha nyuma, mipira inayopitisha mafuta kwenda juu na chini ya kila silinda, na silinda mbili, kulia na kushoto, zinazoisukuma fremu.

Nguvu, basi, hupita njia moja tu: hutoka kwenye betri, ikafika kwenye swichi, ikazungusha mota na pampu, ikasukuma mafuta, na mwisho ikaiinua fremu. Anayetafuta hitilafu ana kazi ya kujua nguvu hiyo imekwamia wapi, na ajue kabla hajatoa hata shilingi moja kununua kipuri. Nalisisitiza hili kwa uchungu, maana pampu nyingi nzima hung'olewa na kutupwa, kisha mpya ikafungwa kwenye waya uleule mbovu, na mwenye gari akarudi nyumbani na paa lilelile lisilosogea.

Hatua ya kwanza ni kusikiliza. Zima redio, hakikisha ndoano zinazolifunga paa juu ya kioo cha mbele zimefunguliwa, kisha mtu mmoja abonyeze swichi na mwingine ategee sikio nyuma ya kiti. Pasipokuwa na mlio wowote, uchunguzi unaanzia kwenye umeme. Mota ikizunguka kwa wepesi bila paa kusogea, shaka inahamia kwenye mafuta na pampu. Ikiguna kwa uzito na kusita, ama umeme unaoifikia ni hafifu, ama kuna kitu kinachoizuia fremu. Na hapa ndipo watu wengi hupotea, kwa kuwa dalili ni moja na sababu ni mbili zisizohusiana.

Tuanze na umeme, ambao mimi nauona ndio chanzo cha matatizo mengi katika gari lenye nyaya za miaka 60. Betri iliyojaa, ikiwa imetulia, husoma takriban volti 12.6. Kipimo hicho peke yake hakithibitishi kitu, kwa sababu mota ya paa hula mkondo mkubwa, na waya ulioliwa na kutu unaweza kuonyesha volti zote pale ambapo hakuna mzigo, lakini ukazipoteza mara tu mota inapoanza kazi. Kwa hiyo pima volti kwenye terminali ya mota wakati swichi imebonyezwa na mota inajitahidi kuzunguka. Wakati huohuo volti za betri nazo zitashuka kidogo, kwa hiyo linganisha vipimo vyote viwili chini ya mzigo. Ikiwa betri inasoma 12 na mota inapata 8, basi volti 4 zimepotea njiani, nawe utazitafuta kwa kusogeza mita kituo kwa kituo: kabla ya sakiti breka (kifaa kinachokata umeme mkondo unapozidi) na baada yake, kabla ya swichi na baada yake. Ukiichomoa swichi yenyewe, itazame kwa karibu. Terminali iliyopata joto kwa muda mrefu hubadilika rangi kuwa ya kahawia, plastiki inayoizunguka hulainika na kuinama, na kiunganishi cha waya huchomoka bila ubishi. Kiunganishi kilichofikia hali hiyo hakisafishiki, kinabadilishwa.

Wengi huishia hapo, ilhali nusu ya njia ya umeme bado haijaguswa. Mota za aina hii zina waya mmoja wa kupandisha na mwingine wa kushusha, na katika pande zote mbili mkondo hurudi betri kupitia athi, yaani bodi ya gari. Rangi iliyopakwa upya chini ya bolti ya athi, au kutu kwenye sakafu ya nyuma, inatosha kuidhoofisha mota nzima. Weka ncha moja ya mita kwenye ganda la mota na nyingine kwenye hasi ya betri, kisha bonyeza swichi: ukiona zaidi ya nusu volti, safisha athi kwanza. Na kama paa linapanda lakini halishuki, au kinyume chake, athi si ya kushukiwa kwanza, kwa kuwa inatumika pande zote mbili. Angalia swichi na waya wa upande uliogoma.

Umeme ukiwa salama, kuna jaribio moja ambalo ningependa kila fundi alizoee. Fungua bolti zinazounganisha fito za silinda, yaani vyuma vinavyotoka na kuingia ndani yake, na fremu, kisha watu wawili, mmoja kila upande, walipandishe na kulishusha paa kwa mikono. Vidole vikae mbali na maungio, kwa sababu fremu hiyo hukata kama mkasi. Paa likienda kwa wepesi, fremu haina kosa. Likikwama, utahisi kwa mkono mahali linapokwama, na mara nyingi utakuta ungio lililokauka mafuta, upinde wa fremu uliopinda, au kitambaa cha ndani ya shimo la paa (mahali paa linapokunjwa) kilichotoka mahali pake na kunaswa. Huo ndio wakati wa kutia mafuta kwenye maungio. Lakini usiguse skrubu za kurekebisha fremu mpaka uwe na hakika kwamba hakuna kilichopinda.

Silinda zikiwa bado hazijaunganishwa, bonyeza swichi uzitazame. Zote mbili zinapaswa kutoka na kuingia kwa mwendo unaokaribiana. Moja ikibaki nyuma sana, huenda mpira wake umebanwa, au sili ya pistoni ndani yake imechoka na mafuta yanapenya upande wa pili bila kuonekana nje. Uvujaji wa nje hujionyesha wenyewe: ondoa paneli ya pembeni ya kiti cha nyuma, na utaona unyevu kwenye fito na doa chini ya silinda.

Kuhusu mafuta, nawaomba mniwie radhi nikisema kwa ukali. Mustang hii hutumia mafuta ya gia boksi otomatiki, lakini yapo magari mengine ya Marekani ya wakati huo yaliyoundwa kutumia mafuta ya breki katika mfumo wa paa. Kila aina ina sili zake, na ukiichanganya na nyingine sili huvimba, hulainika na kuharibika. Usikisie. Soma kitabu cha ukarabati cha gari husika, na kama aliyekutangulia amebadilisha sehemu, uliza sehemu hizo zinataka mafuta gani.

Pima kiwango cha mafuta paa likiwa limeshushwa, fito zikiwa ndani ya silinda. Fito hizo huchukua nafasi, kwa hiyo zikiwa ndani mafuta mengi hurudi kwenye tangi la pampu. Ukilijaza tangi paa likiwa juu, mafuta yatazidi utakapolishusha. Hewa iliyoingia hutolewa kwa kupandisha na kushusha mara kadhaa, huku ukiongeza mafuta kidogo kidogo na kuipumzisha mota ili sakiti breka isikate. Paa likiacha kushtuka-shtuka, kaza kizibo, tandika kadibodi safi chini ya pampu na kila silinda, liache gari lilale usiku mzima, na usirudishe paneli wala kiti kabla hujaikagua kadibodi hiyo asubuhi.