Kombinatoriki kwa anayejifundisha: aanze na kozi gani?

NDUTA: Karibuni tena. Leo tuna swali la kijana anayeuza vifaa vya simu kule Luthuli. Akishafunga duka jioni, anajifundisha hisabati ya kiwango cha shahada. Kalkulasi amemaliza. Sasa ameingia kwenye kozi za bure za MIT, kile chuo kikuu cha Marekani, akakuta kombinatoriki, yaani hisabati ya kuhesabu na kupanga vitu, imetajwa hapa, imetajwa pale, na hajui ashike gani. Otieno, njia hii unaijua.

OTIENO: Naijua, na niliipotea. Nilianza na kozi ya Yufei Zhao, mwalimu wa MIT, ya nadharia ya grafu na kombinatoriki ya ujumlishaji, zile video za 2019. Anaeleza vizuri ajabu. Lakini ni kozi ya wanaosomea shahada za juu. Nilikuwa nikimsikiliza naelewa kila neno, nikifunga kompyuta siwezi kutatua hata swali moja. Mwezi mzima ulienda hivyo.

NDUTA: Na kwenye orodha jina halikuonyi.

OTIENO: Halikuonyi, kwa sababu neno ni moja na mambo ni mengi. Kuna kuhesabu, kuna grafu, yaani nukta zilizounganishwa kwa mistari, halafu kuna zile za juu zinazokopa aljebra na uwezekano. Huyu kijana aanze na kuhesabu.

NDUTA: Tumpe mfano wa nyumbani. Chama chetu kina wanachama 12. Tukichagua mwenyekiti, katibu na mweka hazina, ni 12 mara 11 mara 10, yaani njia 1,320. Tukichagua tu kamati ya watu watatu wasio na vyeo, ni njia 220.

OTIENO: Na hapo ndipo utamu ulipo! Usikimbilie fomula. Jiulize kwa nini 1,320 ni 220 mara 6. Ni kwa sababu kila kamati ya watatu inaweza kugawana vyeo hivyo kwa njia 6. Umehesabu kitu kimoja kwa njia mbili, na majibu lazima yakutane. Uthibitisho mwingi sana wa kombinatoriki ni huo tu, umevaa nguo tofauti.

NDUTA: Kwa hivyo kozi ya kwanza?

OTIENO: Ile ya MIT ya hisabati kwa wanasayansi wa kompyuta, 6.042J. Jina lisimtishe, haihitaji awe mtaalamu wa kompyuta. Ndani kuna uthibitisho, induksheni (kuthibitisha hatua kwa hatua, kutoka namba moja hadi inayofuata), grafu, kuhesabu na uwezekano. Na ina maswali ya mazoezi. Mimi siku hizi nikipima kozi nafungua maswali kwanza, kabla ya video. Kozi isiyo na maswali, hata mwalimu awe hodari vipi, anayesoma peke yake inamwacha njiani. Chuoni kuna mtu wa kukusahihisha. Chumbani kwako Umoja saa tano usiku, ni wewe na karatasi.

NDUTA: Na bando nalo.

OTIENO: Enyewe. Apakue PDF za maswali zote siku moja, video aangalie anapokwama.

NDUTA: Baada ya hapo?

OTIENO: Kozi moja ya kuhesabu kwa kina, ambayo lazima iwe na funksheni zalishi. Chukua sarafu zetu: shilingi 1, 5, 10 na 20. Unaweza kulipa shilingi 20 kwa njia ngapi? Ukiorodhesha kwa mkono utapata 10. Sasa nikikuuliza shilingi 500, mkono utachoka. Funksheni zalishi inageuza kila sarafu kuwa msururu wa vipeo vya x. Unazidisha misururu minne, na jibu limekaa kwenye namba iliyo mbele ya x kipeo cha 500. Siku nilipoelewa hilo sikulala.

NDUTA: Grafu je?

OTIENO: Kozi moja inatosha. Ianzie kwa mwanahisabati Euler na swali lake la madaraja 7 ya mji wa Königsberg, 1736, kama unaweza kuyavuka yote, kila moja mara moja tu, ifike kwenye kupaka ramani rangi. Kombinatoriki ya kialjebra, ile inayotumia aljebra kuhesabu, kama kozi ya MIT 18.212 ya mwalimu Postnikov, asubiri mpaka aljebra ya mstari iwe imeingia damuni. Hapo atarudi hata kwa Zhao.

NDUTA: Na atajuaje kwamba yuko tayari kuanza?

OTIENO: Nimpe swali. Kenya ina kaunti 47, si ndiyo? Wakikutana Wakenya 48, lazima wawili wawe wa kaunti moja. Hiyo ndiyo kanuni ya njiwa na vibanda. Sasa, abiria sita wamesimama stejini. Athibitishe kwamba lazima wawepo watatu wanaojuana wote, au watatu ambao hakuna anayemjua mwenzake. Kanuni ya njiwa inatosha. Aanze na abiria mmoja, aangalie wale watano waliobaki.

NDUTA: Na badala ya watatu tukitaka wanne?

OTIENO: Wanahitajika abiria 18. Tukitaka watano, dunia nzima haijui. Namba hiyo iko kati ya 43 na 46, hapo ndipo wataalamu wamefika.

NDUTA: Basi kijana wetu wa Luthuli, shughulika na hao sita. Andika uthibitisho kwa Kiswahili chako, ututumie. Wiki ijayo tutausoma hapa mstari kwa mstari.