Uwanja wa Michezo Mbele ya Sheria ya Urithi: Mhadhara Uliotolewa Gulu

Mheshimiwa Mwenyekiti, wazee wetu, walimu, akina mama, na nyinyi vijana wa timu mliojibana huko nyuma karibu na mlango, habari za jioni. Asanteni kwa kunialika. Nimeombwa nizungumze Kiswahili, na hapa Gulu sioni taabu yoyote, maana wapo wazee humu waliokijua kwenye kambi za jeshi kabla hawajakisikia redioni. Mimi kazi yangu ni kupima ardhi. Msitegemee nisimulie magoli. Nitazungumzia namna ya kulinda viwanja vyetu, Pece wa hapa ukiwemo, kwa sheria ya urithi: mipaka, hati na Gazeti la Serikali, kwa sababu huko ndiko viwanja vyetu vinakofia, kimyakimya, huku sisi tukibishana kuhusu kocha.

Nianzie Kampala, Nakivubo. Uwanja ule ni wa mwaka 1926. Baada ya Vita Kuu ya Pili ukafanywa kumbukumbu ya askari waliopelekwa vitani, ukaitwa Nakivubo War Memorial Stadium, ukatungiwa sheria yake wenyewe miaka ya 1950 na kupewa bodi ya wadhamini. Miaka ya nyuma ungemuuliza mtu wa mtaani kama Nakivubo unalindwa, angekushangaa: una jina la mashujaa, una sheria, una bodi, unataka nini zaidi? Lakini maduka yalizidi kuuzunguka, na mwaka 2017 ukabomolewa. Mwekezaji binafsi akaujenga upya, na Aprili 2024 ukafunguliwa ukiwa na jina jipya.

Sisemi uwanja mpya ni mbaya. Ukiketi pale unaona mpira vizuri, na mvua ya Kampala haikukuti kama zamani. Ninachosema ni kwamba sheria ya wadhamini hujibu swali la nani asimamie mali. Swali la kitu gani kisivunjwe ni jingine kabisa, na hilo lina sheria yake.

Sheria hiyo kwetu Uganda ilikuwa ile ya minara ya kihistoria ya mwaka 1967. Ilimpa waziri uwezo wa kutangaza, kwa waraka wa kisheria unaochapishwa, kwamba kitu fulani au mahali fulani panahifadhiwa. Makaburi ya Kasubi, walikozikwa wafalme wa Buganda, yalitangazwa hivyo mwaka 1972, karibu miaka thelathini kabla UNESCO haijayaingiza katika orodha yake ya urithi wa dunia mwaka 2001. Mwaka 2023 Bunge likapitisha sheria mpya ya makumbusho na minara ya kumbukumbu kuchukua nafasi ya ile ya zamani. Wanaoshughulikia mambo haya kila siku ni idara ya makumbusho iliyo chini ya Wizara ya Utalii, pale Uganda Museum, Kitante. Si watu wa kuogopwa. Ni wachache, wana kazi nyingi, na faili lililopangwa vizuri huwafurahisha kuliko maandamano.

Wenye mali huingiwa na hofu wakisikia neno urithi. Wanadhani serikali inakuja kunyang'anya. Tazameni Kasubi: mwaka 1993 mali za watawala wa jadi ziliporudishwa, Kasubi ilirudi mikononi mwa Buganda, na bado ni mahali pa kumbukumbu pa taifa. Hati inabaki kwa mwenyewe. Kinachobadilika ni kwamba akitaka kuvunja, kujenga au kuchimba, kuna mlango wa kubisha hodi kwanza.

Sasa naomba mnisikilize kwa makini kidogo, kwa sababu hapa ndipo watu wengi hudanganyika. Husemwa kwamba uwanja ni mali ya umma, hauuziki. Someni ibara ya 237 ya Katiba yetu ya 1995. Inataja vitu ambavyo serikali inavishika kwa amana ya wananchi: maziwa, mito, ardhioevu, misitu ya hifadhi, hifadhi za wanyama, mbuga za taifa, na ardhi itakayotengwa kwa ajili ya mazingira na utalii. Uwanja wa mpira haumo kwa jina. Halafu endeleeni mpaka ibara ya 241, mkutane na bodi ya ardhi ya wilaya, ambayo kazi yake mojawapo ni kushika na kugawa ardhi isiyomilikiwa na mtu wala mamlaka yoyote. Unganisheni hizo mbili. Uwanja ambao watoto wamecheza tangu enzi za babu zao, lakini haujawahi kupimwa wala kuandikishwa, machoni pa karatasi ni ardhi isiyo na mwenyewe. Bodi ikiugawa haijavunja mlango wa mtu. Mlango haukuwepo.

Kuna mji mmoja upande wa mashariki, sitautaja, nilikotumwa kurudisha mipaka ya uwanja wa zamani. Huo angalau ulikuwa umepimwa. Ramani ilionyesha mawe manne ya pembeni. Matatu tuliyapata kwa jembe na uvumilivu. La nne lilikuwa limefichwa na sigiri ya kijana muuza rolex, ile chapati ya kuviringishia mayai. Tukamsubiri amalize wateja, akasogeza meza, akafagia maganda ya mayai, na chini ya grisi iliyoganda likatokea: zege la mraba, nondo katikati, namba bado inasomeka. Kijana mwenyewe alishangaa. Miaka yote alidhani ni jiwe la kawaida la kuegemezea meza. Sasa sikieni: kutoka lile jiwe kwenda ndani kulikuwa na safu mbili nzima za maduka ya bati. Mstari wa pembeni wa uwanja ulikuwa umesogezwa tena na tena kuyapisha, mpaka mchezaji wa pembeni akipokea mpira anaupokea kifuani mwa beki. Vijana wanaocheza pale hawajui kwamba uwanja wao ulikuwa mpana. Hakuna aliyewaibia siku moja. Kila mwenye duka alisogea hatua mbili tatu tu.

Ndiyo maana nasema kazi ya urithi huanza na mpima. Tangazo la waziri lazima liseme linalinda kipande kipi cha ardhi. Ukipeleka barua inayosema uwanja wetu wa kihistoria ulindwe, afisa atakuuliza: kutoka wapi hadi wapi? Mti ule mkubwa wa kivuli umo au haumo? Geti je?

Baada ya mipaka linakuja swali gumu zaidi, nalo ndilo nitakalokaa nalo: kitu gani hasa hapa ni cha thamani? Wenzetu walioanza mapema wamejibu kwa namna tofauti, na majibu mengine yamewaumiza.

Kule London, jukwaa la mbao na matofali la Craven Cottage, la mwaka 1905, kazi ya mhandisi Archibald Leitch, liliingizwa katika orodha ya majengo ya kulindwa mwaka 1987, na klabu ya Fulham inacheza hapo mpaka leo. Vizuri. Lakini Highbury, nyumbani kwa Arsenal, jukwaa la mashariki liliorodheshwa mwaka 1997, na mwaka 2006 klabu ikahama. Jukwaa bado limesimama, maridadi kabisa, isipokuwa ndani yake watu wanaishi, na palipokuwa na nyasi za mpira ni bustani ya wapangaji. Ukuta umelindwa, mpira umefukuzwa. Wembley ya zamani nayo minara yake miwili ilikuwa kwenye orodha, na mwaka 2003 ikaangushwa vilevile, kwa sababu kuorodheshwa kunalazimisha ruhusa iombwe, na ruhusa ikiombwa inaweza kutolewa. Huko walilinda majengo. Sisi Uganda tukifuata njia hiyo tutaishia mikono mitupu. Kiwanja chetu cha kawaida kina jukwaa moja dogo la zege, miti kadhaa na ukuta uliobanduka rangi. Mkaguzi wa majengo atatazama, atapiga picha mbili kwa adabu, ataondoka.

Kwa hiyo mimi nawapendekezea tutazame Melbourne. Uwanja wao mkubwa wa kriketi uliingia katika orodha ya urithi wa taifa la Australia Desemba 2005, wakati ule ule majukwaa yake ya zamani yakiwa yamevunjwa na mapya yakijengwa. Mtu angesema, sasa wanalinda nini? Wanalinda mahali. Mechi ya kwanza kabisa ya Test, yaani kriketi ya kimataifa ya siku kadhaa, kati ya Australia na England ilichezwa pale mwaka 1877, na Olimpiki ya 1956 ilifanyika pale. Watu wa mji ule wamekuwa wakikutana kwenye nyasi zile kizazi baada ya kizazi. Thamani iliyoandikwa ni matukio na mazoea ya watu, na majukwaa yanaruhusiwa kuja na kwenda. Hiyo ndiyo hoja inayolingana na viwanja vyetu.

Na kwa wale wanaosema uwanja wetu umechakaa mno, kuna Hinchliffe, mji wa Paterson, Marekani. Ulijengwa mwaka 1932, na Wamarekani weusi walicheza besiboli pale enzi walipozuiwa kwenye ligi za wazungu. Baadaye ulifungwa, ukaota magugu na vichaka. Wenyeji wakaupigania: mwaka 2004 ukaingia kwenye daftari la taifa la mahali pa kihistoria, mwaka 2013 ukapandishwa daraja kuwa alama ya taifa, na mwaka 2023 ukafunguliwa tena kwa michezo. Jambo la kuangalia ni kwamba daftari lile halimzuii mwenye mali kuvunja kwa fedha zake mwenyewe. Lilichofanya ni kufungua mlango wa misaada na nafuu za kodi. Orodha moja inazuia, nyingine inavuta pesa. Mnapoandika maombi, jueni mnataka ipi.

Nije hapa nyumbani. Pece War Memorial Stadium. Jina lenyewe linataja vita, na wengi mnaopita getini hamsimami kuuliza vita gani. Askari wa Uganda walikuwa kwenye King's African Rifles, jeshi la Waingereza la askari wa Afrika Mashariki. Kikosi cha nne kilikuwa cha Uganda. Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki, nacho kikiwemo, ilishuka bonde la Kabaw kule Burma mwaka 1944, katikati ya masika ya huko, matope mpaka magotini, na Desemba ikaingia mji wa Kalewa. Lugha ya amri katika jeshi lile ilikuwa Kiswahili. Kwa hiyo mhadhara huu kufanyika kwa Kiswahili katika mji huu si jambo la kuazima.

Hayo ndiyo yanayopaswa kuwa katika maelezo ya thamani. Ila msiandike kwa mapambio. Sentensi kama "uwanja huu ni fahari yetu" haina kazi mbele ya afisa. Andikeni nani, lini, kwa ushahidi gani. Leteni picha zenye tarehe, kumbukumbu za vikao, magazeti ya zamani, tiketi, barua za chama cha mpira. Mzee akisimulia mechi aliyoiona akiwa kijana, arekodiwe, jina lake na umri wake viandikwe kwa idhini yake, na atafutwe mwingine aliyekuwepo siku hiyo hiyo. Mama aliyeuza karanga getini anajua mambo ya uwanja ambayo katibu wa chama hayajui. Aulizwe.

Kisha andikeni, wazi, ni nini kinachoruhusiwa kubadilika. Watu wetu husahau hapa. Taa, vyoo, viti, nyasi mpya: semeni vinaruhusiwa. Semeni kisichoruhusiwa ni kupunguza eneo, kubadili matumizi, na kuondoa alama ya askari. Mkiacha pengo, mtapata ama uwanja ulioganda kama jumba la makumbusho, ama mwanasheria mjanja atakayepita katikati.

Wakati faili linatembea, na linaweza kutembea polepole, msikae bure. Sheria ya mipango miji ya mwaka 2010 ilitangaza nchi nzima kuwa eneo la mipango. Mtu hawezi kugeuza uwanja kuwa soko bila idhini ya kamati ya mipango. Pelekeni kwa jiji barua ya kuomba mjulishwe kila ombi linalogusa eneo lile, mpigiwe muhuri wa kupokelewa, mhifadhi nakala.

Kijana mmoja ameniletea swali kwenye karatasi: uwanja ukitangazwa, timu itaendelea kucheza bure au itatozwa? Tangazo halipangi bei. Bei hupangwa na anayesimamia. Mkitaka mazoezi ya watoto yabaki bila malipo, yaandikeni kama sehemu ya thamani ya mahali, kwa maana ni kweli ndivyo uwanja ulivyotumika. Afisa akiuliza ushahidi, nyinyi wenyewe ni ushahidi.

Karatasi ya majina iko mezani kwa mama katibu. Wazee mlio na picha za zamani, tafadhali msituachie zile halisi. Njooni nazo Jumamosi, tutazipiga nakala mbele yenu, na mtaondoka nazo.