Shilingi inaingia, haitoki: maneno ya jioni Langoni kuhusu daimondi za gemu

Asalaam aleikum. Sogeeni mbele jamani, na hao vijana wa ukutani najua mna simu mkononi, leo siwakatazi maana leo ndiyo siku yake, wekeni tu sauti chini. Shukran kwa wazee walioniita. Mimi mnanijua, duka langu la simu liko hapa hapa Langoni, Lamu, nabadilisha skrini, nauza kava na chaja, natoa M-Pesa. Si shekhe na si mwalimu. Nimeitwa niongee kuhusu watoto na pesa za gemu, na kwa nini nimeitwa mimi, nadhani ni kwa sababu mtaa mzima unajua yaliyotokea dukani kwangu mwaka jana, basi acha nianze na hilo kabla hamjaanza kunong'onezana.

Kuna bibi mmoja, simtaji, anauza kaimati na achari ya maembe jioni. Alikuja asubuhi kutoa 3,000 amlipe mtu wa unga. Nikamwambia bibi, salio lako ni 140. Akacheka, akadhani namtania. Tukafungua meseji, mimi nasoma yeye anahesabu kwa vidole: 130, 130, 260, 130, zote za usiku, saa nne, saa tano. Nilipofika kwenye 650 nikanyamaza, maana jina lililoandikwa pale la aliyepokea lilikuwa langu. Bibi akaniuliza, mbona husomi?

Niwaeleze. Bibi hasomi meseji, mjukuu wake wa miaka 12 ndiye karani wake, ndiye anayemtumia watu pesa, namba ya siri anaijua kuliko mwenyewe. Na mimi wakati huo nilikuwa nauza daimondi, zile pesa za ndani ya gemu. Mtoto anakutumia namba ya akaunti yake ya gemu na pesa, mimi nina kadi ya benki, nanunua naweka 50 yangu juu, dakika mbili biashara imeisha. Laini ni ya nani? Sikuuliza. Wallahi sikuwahi kuuliza hata mara moja.

Akaitwa mtoto. Akasimama mlangoni anaangalia kidole cha mguu. Nikamwambia fungua tuone, akafungua, na mdoli wake kwenye gemu amevaa koti jekundu lenye mabawa, linawaka waka kama taa za harusi. Bibi akaichukua ile simu akaisogeza mpaka karibu na miwani. "Hii ndiyo 3,000 yangu?" Mtoto akasema, "Lakini bibi, hilo koti lilikuwa linauzwa wiki ile tu, halitauzwa tena." Bibi akaligeuza geuza, akasema, "Na halivaliki."

(Watu wanacheka.)

Mnacheka, na mimi siku ile nusura nicheke, lakini nilimrudishia bibi zile 1,300 zilizokuja kwangu na toka siku ile sijauza daimondi. Sasa tuingie kwenye lenyewe.

Mimi sisemi gemu ni mbaya. Nilicheza, bado nacheza mpira wa kwenye simu na nawafunga hao waliokaa ukutani. Tatizo langu ni kile kipande kidogo ambapo shilingi inageuka kuwa kitu kingine. Hapa wengi ni watoto wa wavuvi, mnajua dema, ule mtego wa samaki wa kusuka. Mvuvi wa dema hamkimbizi samaki. Anasuka, anatia chambo, analizamisha karibu na mwamba halafu anaenda zake nyumbani kulala. Mlango wa dema ni mpana kwa nje na mwembamba kwa ndani, samaki akiingia anaona sawa tu, njia ipo, ni pale anapotaka kurudi ndipo vile vijiti vinamchoma. Daimondi ni hivyo hivyo. Shilingi inaingia inakuwa daimondi, V-Bucks, Robux, UC, koini, kila gemu na jina lake, lakini mlango wa kurudi kuwa shilingi haupo. Nenda Malindi na euro, utabadilisha upewe shilingi, na kesho ukitaka euro yako utapewa, utapunjwa kidogo lakini utapewa. Hii haibadiliki kurudi, wao wanaiita sarafu kwa sababu neno sarafu linatuliza roho.

Na kwa nini wasiweke bei kwa shilingi moja kwa moja? Koti hili shilingi 900, basi, kata shauri. Kwa sababu 900 inauma, unaijua, ni kilo kadhaa za mchele. Lakini 415 za daimondi ni nini? Hakuna anayejua, hata mimi niliyekuwa nauza nilikuwa napiga hesabu kwa kikokotoo. Makasino yalijua hili zamani, ndiyo maana mtu anacheza na vile vidude vya plastiki badala ya noti zake. Ukishaondoa noti mkononi mwa mtu umeondoa na uchungu wake.

Halafu angalia mafungu yanavyouzwa. Gemu ya Fortnite kwa miaka mingi fungu dogo la V-Bucks lilikuwa la 1,000, na skini, yaani nguo za mdoli, nyingi sana bei yake 1,200. Hebu niambie, 1,000 na 1,200 zimekutana kwa bahati mbaya? Unanunua mafungu mawili, unavaa skini, zinabaki 800. Hizo 800 zinakukaa kichwani, unaona zinapotea bure, unatafuta cha kuzimalizia, unakuta kizuri kina bei ya 1,500, haya, nunua fungu lingine. Muuza duka akifanya hivi, akuuzie sukari kwa nusu kilo tu lakini mapishi yote yanataka robo tatu, mtaa mzima ungemsema.

Juu ya hapo kuna masanduku. Hununui koti, unanunua nafasi ya kulipata koti, unafungua sanduku linazunguka linang'aa linapiga muziki, unapata soksi. Mara ya pili soksi. Mara ya tisa karibu, karibu, likapita koti mbele ya macho yako. Mashekhe wako hapa mbele, kama hii ni maisiri, ile kamari iliyokatazwa, au si maisiri waulizeni wao, aya ya 90 ya Al-Maida mimi naisoma tu kama ninyi. Lakini niwaambie kuwa hata nchi ambazo si za Kiislamu zimeshtuka. Ubelgiji, Aprili 2018, tume yao ya kamari ilikagua masanduku ya gemu za FIFA 18, Overwatch na Counter-Strike: Global Offensive ikasema hii ni kamari, kwa sheria zetu ni kosa. Japani walishtuka mapema zaidi, 2012, kulikuwa na aina moja wakiiita kompu gacha, unakusanya vipande kwa bahati nasibu mpaka seti itimie ndipo upate zawadi kubwa, kipande cha mwisho kinakutoa jasho na mshahara, serikali ikasema hapana. China tangu 2019 mtoto wa chini ya miaka 8 haruhusiwi kutia pesa kabisa, na wa 8 hadi 16 mwisho yuan 200 kwa mwezi.

Na Marekani kwenyewe, ambako gemu nyingi zinatoka. Apple walikubali mwaka 2014 kurudisha si chini ya dola milioni 32.5, kwa sababu mzazi akiweka paswadi mara moja, simu ilikuwa inabaki wazi dakika 15, na mtoto ndani ya dakika hizo ananunua anavyotaka, mzazi hana habari. Dakika 15, mzazi hajamaliza hata kikombe cha kahawa. Kisha Desemba 2022 Epic Games, wenye Fortnite, wakakubali kulipa dola milioni 520, na kati ya hizo 245 ni za kuwarudishia wateja, maana vitufe vilikuwa vimewekwa kiasi kwamba ukibonyeza kimoja tu, hata gemu inapakia, ushakatwa pesa. Na aliyelalamika kwa benki yake alifungiwa akaunti. Yaani umeibiwa kuku, ukienda kudai unanyang'anywa na banda.

Sasa kuna neno wenye makampuni wanalitumia kwa mtu anayetumia pesa nyingi, wamelitoa kwenye makasino: wanamwita nyangumi. Mnaona wale nyangumi wa kweli wanaopita huku nje kuanzia kama Julai, kule Watamu watalii wanapanda boti kwenda kuwatazama. Basi na hawa wa gemu ndio wanaosubiriwa. Wachezaji wengi kabisa hawatoi hata senti, pesa inatoka kwa wachache. Mtu atasema basi mwanangu hana neno, yeye anacheza bure. Subiri. Lile koti lenye mabawa ungelivaa kama hakuna anayekuona? Wale wa bure ndio hadhira. Wanapigwa, wanaitwa nubu, yaani mgeni asiyejua kucheza, wanaambiwa wamevaa nguo za kuja nazo, na siku moja mmoja wao anaiangalia simu ya bibi yake. Katika dema hili samaki wadogo ndio chambo, na dagaa huyo huyo kesho akikua anaingia mwenyewe.

Nilikuwa mmoja wao, nisijifanye. Nilikuwa chuoni Mombasa, gemu ya kupigana, usiku kucha na wenzangu. Mara ya kwanza nilitia 100 tu, na nawaambia ukweli, ngumu ni mara ya kwanza peke yake. Siku moja miaka miwili baadaye nilijumlisha meseji zote, 41,650. Nikarudia kujumlisha nikadhani nimekosea sifuri. Mama yangu alikuwa ananitumia pesa za chakula kutoka kwenye mahamri. Siongezi hapo.

Na vile vitu viko wapi leo? Mtoto atakwambia ni vyangu. Si vyake, yale maandishi marefu tunayobonyeza nakubali bila kusoma yanasema umepewa ruhusa ya kutumia tu. Gemu ya Apex Legends Mobile ilitoka Mei 2022, watu wakaipenda, wakanunua, tarehe 1 Mei 2023 ikazimwa, mwaka mmoja, na kila kitu kilichokuwa ndani kikazimika nayo. India serikali ilipiga marufuku gemu ya Free Fire Februari 2022, jana ipo leo imeondolewa.

Hapa ng'ambo, kisiwani Manda, mwaka 2013 wachimbaji wa mambo ya kale walipata pesa ya China, ya enzi za mfalme Yongle, mwanzoni mwa miaka ya 1400, ina tundu la mraba katikati. Fikirieni. Mfalme amekufa, dola yake imekwisha, mji wa Manda wenyewe umebaki kuta na mibuyu, miaka 600 chini ya mchanga, na bado mtu akiiokota ni pesa, ni madini, ina uzito mkononi. Zile 41,650 zangu hata akija mchimbaji na sururu atapata nini?

Ya kufanya nitayasema haraka maana adhana iko karibu. Wazazi, namba ya siri ya M-Pesa si ya mtoto, hata kama ndiye karani, na mkimtuma abonyeze muwe mmekaa naye. Kwenye Play Store ingieni settings muweke kila ununuzi udai paswadi, anayeshindwa aje dukani namwekea bure. Mkiona pesa imekwenda msianze na kipigo, anzeni na ombi la kurudishiwa, Google ndani ya saa 48 ombi lina nafasi, baada ya hapo ni kubahatisha. Na wale wanaowaambia daimondi za bei ya chee, nipe paswadi nikutilie, hao wanataka akaunti. Kwa hao hata mimi nilikuwa na nafuu.

Haya, kuna kijana ameinua mkono. Sema baba.

(Kijana: Mimi zimebaki daimondi 214, na mwezi huu hakuna kitu cha 214. Cha karibu ni 299. Nizifanyeje?)

Eh. Umeona, wamekubakizia makusudi. Unahitaji 85 na hawauzi 85, wanauza 100, zitabaki 15.

(Kijana: Ndiyo, hivyo hivyo.)

Ziache zikae. Zitakuwasha wiki mbili hivi, kila ukifungua utaziona pale juu pembeni. Mimi zangu 37 ziko mpaka leo.